Mdogo wangu ameniletea homoni kutoka Uingereza. Niendelee kumeza au niache?

Assalaam aleykum Daktari,

Mimi ni mama wa miaka 52, nina duka la khanga na vitenge hapa Ngamiani, Tanga. Hedhi yangu ilikoma mwaka juzi. Nilidhani sasa nimepumzika, kumbe ndiyo kwanza shughuli inaanza. Fukuto linanipanda kutoka kifuani mpaka usoni, nalowa jasho mbele ya wateja mpaka naona haya. Usiku ndiyo balaa. Natandika khanga juu ya shuka, saa nane imelowa, natandika nyingine, alfajiri nayo imelowa. Mume wangu amehamia chumba cha watoto, si kwa ubaya, anasema feni ninavyoiwasha inampa mafua. Usingizi sina, hasira ziko karibu, na tendo la ndoa limekuwa maumivu matupu.

Mdogo wangu anaishi Leicester, Uingereza. Yeye alitolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe, na tangu hapo anatumia homoni. Alipokuja likizo akaniona ninavyohangaika, akanihurumia. Daktari wake alikuwa ameshambadilishia dawa, siku hizi anabandika kibandiko kwenye paja, kwa hiyo vile vidonge vilivyobaki akaniachia mimi, pakiti za miezi kadhaa. Nimeanza kumeza, na sikufichi Daktari, nimepata nafuu. Fukuto limepungua, na usiku ninalala.

Sasa juzi binti yangu, ambaye ndoa yake ni mwezi wa saba inshallah, amesoma kwenye simu kwamba homoni hizi zinagandisha damu. Nimemuuliza mdogo wangu, anasema hizo ni habari za zamani, huko kwao wanawake tele wanazitumia na hawana neno. Mimi hofu yangu ni mama yetu. Alifariki akiwa na miaka 48. Alifanyiwa upasuaji wa kizazi, ukaenda vizuri, siku ya tano akainuka kwenda msalani, akasema "nakosa pumzi", akaanguka, basi. Watu walisema mengi. Wengine presha, wengine husuda.

Nifanyeje? Mwezi ujao nina safari ya Umra, na sitaki fukuto linisumbue kule kwenye joto. Halafu, si jambo kubwa, mguu wangu wa kushoto unaniuma kwenye kigimbi tangu wiki iliyopita, na jioni kiatu kinabana. Nadhani ni kusimama dukani.

Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU

Waaleykum salaam, dada yangu.

Hilo uliloliweka mwisho ukasema si jambo kubwa ndilo lililonishtua. Mwanamke aliyeanza vidonge vya homoni karibuni, ambaye mama yake alifariki namna ile, na sasa mguu mmoja unauma kigimbi na kuvimba, hawezi kusubiri zamu ya barua yake kuchapishwa. Ndiyo maana nilikupigia siku ileile nikakuomba uache vidonge na uende hospitali kabla ya jua kuzama. Alhamdulillah, ulikwenda. Umenieleza kwamba mguu ulipimwa kwa altrasaundi na hawakuona donge la damu. Nimefurahi sana. Lakini usilifunge jambo hili bado. Donge dogo lililo chini ya goti linaweza lisionekane mara ya kwanza, kisha likakua na kupanda juu. Mguu ukiendelea kuuma au kuvimba, rudi baada ya wiki kipimo kirudiwe, hata kama mtu atakuuliza "si ulishapimwa wewe?" Na mpaka hapo, vidonge vile usiviguse.

Kabla sijaja kwenye swali lako, naomba niseme na wasomaji wote, kwa sababu kila mwaka wapo wanawake wanaoupaka mafuta mguu wa aina hii na kuukanda kwa maji ya moto mpaka wanachelewa. Donge la damu kwenye mshipa wa ndani wa mguu kwa kawaida hushika mguu mmoja. Mguu huvimba, huuma, hasa kigimbi, ngozi huwa ya moto na rangi yake hubadilika kidogo, jambo ambalo kwenye ngozi nyeusi si rahisi kuliona kwa macho. Uchovu wa kusimama dukani kwa kawaida huvimbisha miguu yote miwili. Wewe una tepu ya kupimia nguo hapo dukani: tafuta kile kinundu cha mfupa kilicho mbele, chini kidogo ya goti, shuka sentimita 10, zungushia tepu kigimbi kila upande. Madaktari hufanya hivyohivyo, na mguu mmoja ukizidi mwingine kwa sentimita 3 tunaingiwa na wasiwasi wa kweli. Ukiwa chini ya hapo bado unaweza kuwa na donge, kwa hiyo tepu isikuzuie kwenda hospitali.

Na kama ghafla unakosa pumzi, kifua kinachoma kila ukivuta hewa, unakohoa damu, moyo unakwenda mbio au umezimia, basi donge huenda limeng'oka mguuni, likapita kwenye moyo na kuziba mshipa wa pafu. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na hela ya teksi ni ya kukopa.

Sasa mama yenu, Mungu amrehemu. Sikuwahi kumwona wala kuona faili lake, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini maelezo yako ndiyo yale tunayofundishwa: upasuaji wa nyonga au tumbo la chini, siku kadhaa za kulala, kisha mgonjwa anainuka kwa mara ya kwanza kwenda msalani, anakosa pumzi, anaanguka. Damu iliyotulia miguuni huganda kwa urahisi, na upasuaji wenyewe huufanya mwili uwe tayari kugandisha damu. Ndiyo sababu siku hizi wauguzi wanawaamsha wagonjwa mapema kutembea hata wakilalamika, na wengine huchomwa sindano ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, baada ya upasuaji. Waliotaja husuda walikuwa wanatafuta sababu katika msiba. Ninyi watoto wake msibaki na sababu hiyo, kwa kuwa iliyo karibu na ukweli ina faida kwenu nyote. Mzazi aliyepata donge kabla ya miaka 50 ni taarifa ambayo kila daktari atakayekuandikia homoni lazima aisikie.

Usidanganyike pia na majibu ya maabara. Kuna kipimo cha kurithi damu inayoganda ambacho Ulaya hukitumia sana, lakini badiliko la kijenetiki linalotafutwa zaidi, liitwalo Factor V Leiden, ni la kawaida kwa watu wenye asili ya Ulaya na ni adimu kwetu Waafrika. Kipimo kikirudi safi hakifuti yaliyompata mama yako. Kwetu pwani mimi huuliza pia kuhusu siko seli, maana ugonjwa huo huongeza hatari ya madonge, na hata anayebeba kinasaba kimoja tu bila kuugua hatari yake ya donge la mapafuni hupanda kiasi.

Umeuliza nani mkweli, binti yako au mdogo wako. Wote wawili wameshika kipande cha ukweli.

Binti yako alichosoma kina mizizi Marekani. Mwezi Julai 2002, sehemu moja ya utafiti mkubwa uitwao Women's Health Initiative ilisimamishwa kabla ya muda wake. Wanawake 16,608 wa miaka 50 hadi 79 walikuwa wamegawanywa: nusu walimeza vidonge vya estrojeni, yaani homoni ya kike, iliyotolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba, ikichanganywa na homoni ya pili ya aina ya projesteroni, na nusu walimeza vidonge visivyo na dawa. Katika kila wanawake 10,000, waliopata donge mguuni au mapafuni kwa mwaka walikuwa 34 kati ya waliomeza homoni, na 16 kati ya wasiomeza. Maana yake hatari iliongezeka maradufu. Maana yake pia ni kwamba katika 10,000 waliozidi ni 18, na 9,966 kati ya waliomeza mwaka ule hawakupata donge. Nasema yote mawili kwa sababu magazeti ya wakati ule yalishika la kwanza tu, na wanawake wengi duniani wakatupa dawa zao kwa hofu.

Mdogo wako naye ana hoja. Wanawake wa utafiti ule walikuwa na umri wa wastani wa miaka 63, wengi wao walishaacha hedhi zamani, na kila aliyepewa homoni alipewa kidonge kilekile kimoja. Tangu wakati huo tumejifunza jambo ambalo laiti kila mfamasia wa Afrika Mashariki angelijua: njia homoni inayopitia kuingia mwilini ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya hatari. Estrojeni ukiimeza, inatoka utumboni na kwenda moja kwa moja kwenye ini, yote kwa mkupuo. Ini ndicho kiwanda cha protini zinazogandisha damu na zile zinazozuia isigande. Likipokea estrojeni nyingi namna hiyo linaongeza za kwanza na kupunguza za pili. Estrojeni ya kibandiko au jeli inapenya kwenye ngozi, inaingia polepole kwenye damu, na ini halipati mshtuko ule.

Watafiti wa Ufaransa, katika utafiti uitwao ESTHER, waliandika mwaka 2007 kwamba waliomeza estrojeni walikuwa na hatari kama mara 4 ya wasiotumia, ilhali walioipitisha kwenye ngozi hawakuwa na ongezeko. Mwaka 2019 wenzao wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walichapisha katika jarida la BMJ hesabu kubwa zaidi: zaidi ya wanawake 80,000 waliopata donge, wakilinganishwa na karibu 400,000 wasiopata. Vidonge vilipandisha hatari kwa asilimia 58, sawa na wagonjwa 9 wa ziada katika wanawake 10,000 kwa mwaka. Vibandiko na jeli havikupandisha. Miongoni mwa vidonge vyenyewe, ile estrojeni ya farasi pamoja na medroksiprojesteroni, ile homoni ya pili ya utafiti wa Marekani, ndiyo iliyokuwa na hatari kubwa kuliko vyote. Na madonge mengi hutokea mwaka wa kwanza wa kumeza, kipindi ambacho wewe umo ndani yake.

Kwa hiyo mdogo wako anaposema wanawake huko wanazitumia na hawana neno, muulize swali moja: daktari wako alikutoa kwenye vidonge akakupa kibandiko kwa nini? Nitashangaa kama jibu halitakuwa na neno "mama" ndani yake, au uzito, au presha. Kama ni habari ya mama iliyomfanya daktari wa Leicester aone vidonge havimfai mdogo wako, nawe unayo, kwa kuwa mmezaliwa na mama mmoja. Alikuletea kwa mapenzi, hilo silitilii shaka, na usimgombeze. Ila huenda dawa ile ilikwisha kataliwa kwa ajili ya damu yenu.

Liko jingine, nalo limenitia wasiwasi karibu sawa na mguu. Mdogo wako hana kizazi. Mwanamke asiye na kizazi kwa kawaida hupewa estrojeni peke yake. Wewe kizazi unacho. Estrojeni peke yake, mwezi baada ya mwezi, inanenepesha ukuta wa ndani wa kizazi, na ukuta huo ukiachwa hivyo unaweza kugeuka saratani. Mwenye kizazi lazima apewe na projesteroni ya kuulinda. Nenda na pakiti zote hospitali, daktari asome majina mwenyewe. Kama umeona damu yoyote tangu uanze, hata doa kwenye nguo ya ndani, mwambie bila aibu, maana damu baada ya hedhi kukoma lazima ichunguzwe.

Naogopa ukisoma yote haya utasema basi, nitavumilia. Hapana, dada yangu. Mwanamke anayebadilisha khanga mara mbili kwa usiku na kufungua duka asubuhi hajapumzika, na kuambiwa kwamba mama zetu walivumilia hakumletei usingizi. Fukuto lina tiba, na bado huenda homoni ikawa tiba yako, ila kwa njia nyingine. Nenda kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Mweleze habari ya mama kwanza, kabla ya fukuto. Akupime presha, uzito na matiti. Kisha muulize kwa maneno haya: "Naweza kupata estrojeni ya kibandiko au ya jeli, pamoja na projesteroni asilia ya kumeza usiku?" Projesteroni ya aina hiyo, katika utafiti uleule wa Ufaransa, haikuonekana kuongeza madonge. Kwa historia ya familia yenu anaweza kutaka ushauri wa daktari wa damu kabla ya kuandika chochote, na hilo ni jambo la busara, usilione kama kuzungushwa.

Najua vibandiko na jeli si vitu utakavyovikuta kila duka la dawa. Mara nyingi daktari huandika vidonge kwa sababu ndivyo vilivyopo. Ukiambiwa hakuna, jibu lisiwe kurudi kwenye pakiti za Leicester. Zipo dawa zisizo homoni zinazopunguza fukuto, kama venlafaksini na paroksetini, ambazo asili yake ni dawa za sonona, na gabapentini, ambayo ni ya kifafa na maumivu ya neva na husaidia hasa jasho la usiku. Hazifiki nguvu ya estrojeni, lakini kwa wengi zinarudisha usingizi. Hazigandishi damu.

Maumivu ya tendo la ndoa nayo yana dawa yake. Ukavu huo unatibiwa na krimu au kidonge kidogo cha estrojeni kinachowekwa ukeni, dozi ndogo sana isiyopandisha hatari ya madonge. Mwambie daktari waziwazi. Wengi wetu tunazungumza fukuto kwa saa nzima na hili tunaondoka nalo tumboni.

Umra. Kama mguu umepona na kipimo cha pili, ukikihitaji, ni safi, nenda na utuombee. Kama donge litaonekana, safari itasubiri mpaka daktari wako aseme. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya kukaa saa 4 au zaidi huongeza hatari ya donge kama maradufu. Kwa mtu mzima asiye na tatizo ni kama mtu mmoja katika 6,000. Wewe una zaidi ya safari, una mama. Omba kiti kilicho karibu na njia ya kupita, inuka utembee, ukikaa inua visigino na vidole kwa zamu, kunywa maji, na muulize daktari kama unahitaji soksi za kubana au sindano ya kuzuia damu isigande kabla ya kupanda ndege.

Hapa niseme na mahujaji walio wadogo kuliko wewe, wanaomeza norethisteroni kuzuia hedhi ili wakamilishe ibada. Dozi inayotumika kwa kazi hiyo ni kubwa, na mwili hugeuza sehemu yake kuwa estrojeni ileile iliyomo kwenye vidonge vya uzazi wa mpango. Kwa mwanamke mwenye afya njema, kwa siku chache, mara nyingi haidhuru. Mwenye donge la zamani, au mama au dada aliyepata donge, asiichukue dukani bila kumwona daktari, maana ipo ya aina nyingine ya kuzuia hedhi.

La mwisho ni la binti yako, bi harusi. Baada ya ndoa huenda akaenda kliniki ya uzazi wa mpango, na huenda akapewa vidonge vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini (projesteroni ya kutengenezwa). Atakapoulizwa kama kuna ugonjwa kwenye familia, hatataja chochote, kwa sababu alichosikia ni kwamba bibi yake alikufa kwa presha. Mkalishe umweleze ilivyokuwa: upasuaji, siku ya tano, kukosa pumzi. Mwambie alitamke kliniki neno hilo, donge la damu, na aombe njia isiyo na estrojeni, kama vijiti vya mkononi au kitanzi. Akishika mimba aliseme tena siku ya kwanza ya kliniki ya wajawazito, kwani mimba yenyewe, na wiki 6 baada ya kujifungua, ni wakati ambao damu ya mwanamke huganda kwa urahisi kuliko kawaida. Mdogo wako naye amwambie daktari wake kabla ya upasuaji wowote.